Mama Esnah Bonareri na Mstari wa Kwenda Ensoko, 1957–2025

Jumapili, tarehe 23 Machi 2025. Mvua ya saa ishirini na nne zilizopita: milimita 18.5. Ukungu bondeni hadi saa mbili na nusu, halafu jua. Mawingu meusi upande wa Manga kuanzia saa sita.

Ndivyo kitabu cha mvua cha mpendwa wetu, Mama Esnah Bonareri Anyona, kinavyoieleza siku ambayo shemeji yake Mzee Obadiah na mwanawe Jasper walishika mche mmoja na kuupanda pamoja, chini ya boma la marehemu baba mkwe wake, Mzee Anyona, karibu na chemchemi tunayoiita Ensoko. Siku hiyo aliingoja miaka mingi. Lakini yeye mwenyewe hangependa tuanzie hapo. Alizoea kutuambia kwamba jambo lolote lisomwe kuanzia kitabu cha kwanza.

Mama Esnah alizaliwa tarehe 3 Juni 1957 karibu na Kenyenya, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Osoro na marehemu Mama Bitutu. Nyanya yetu Bitutu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kufika kila alikotumwa, si kwa uvivu, bali kwa sababu kila alichokikuta njiani alichuchumaa nacho. Alitumwa kuleta moto kwa jirani akarudi na konokono wawili wa rangi tofauti, akitaka kujua kwa nini mmoja aliishi kwenye migomba na mwingine kwenye mawe. Alibatizwa katika Kanisa la Waadventista Wasabato mwaka 1970, na Sabato aliishika hadi mwisho.

Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1971, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili mwaka 1973. Huko ndiko alikoonana na kipimamvua kwa mara ya kwanza. Mwalimu wa Jiografia aliwaita wanafunzi wasome maji mmoja mmoja. Wote walisoma wakiwa wamesimama, na kila mmoja akapata tarakimu yake. Esnah alipiga magoti kwenye tope, jicho lake likawa sawa na maji, ndipo akasoma. Aliadhibiwa kwa kuchafua sare, lakini jibu lake ndilo lililoandikwa ubaoni. "Inama kwanza" likawa neno lake la maisha, na hakuna mtoto wa ukoo huu ambaye hakuambiwa.

Tarehe 18 Desemba 1977 alifunga ndoa na marehemu Zachariah Anyona wa Ekerenyo, mkulima wa chai na fundi wa mawe. Baba Zachariah alipenda kuwasimulia wageni kwamba usiku wa kwanza katika boma hili bibi arusi hakuuliza habari za ng'ombe wala za mashamba. Aliuliza, "Mbona vyura wa kwenu wanalia tofauti na wa kwetu Kenyenya?" Baba Zachariah akamjibu kwamba chura ni chura tu. Kesho yake alimkuta mkewe ameketi kando ya Ensoko akihesabu sauti, na kabla ya chai kuiva alikuwa amepata nne. "Nilijua basi," Baba Zachariah alikuwa akimalizia, "kwamba katika nyumba hii sitasema tena neno 'tu'."

Mungu aliwajalia watoto wanne: Jasper mwaka 1979, Mose mwaka 1981, Phanice mwaka 1984 na Cynthia mwaka 1987. Mose alifariki kwa surua Septemba 1984, akiwa na umri wa miaka mitatu.

Mama Esnah alifundisha shule ya chekechea hapa Ekerenyo kuanzia 1980 hadi alipostaafu mwaka 2017. Mwaka 1982 maofisa wa hali ya hewa waliweka kipimamvua katika uwanja wa shule hiyo. Mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo alihamishwa baada ya miezi michache, na tarehe 1 Machi 1983 Mama Esnah akaichukua bila kuombwa. Kuanzia siku hiyo alipima kila asubuhi saa tatu. Katika miaka arobaini na miwili alikosa siku tisa tu, na kila moja aliiandikia sababu. Moja inasema: "Nimejifungua." Nyingine: "Ng'ombe wa jirani amekunywa mvua yote. Nimemwambia mwenyewe."

Lakini kazi aliyoipenda zaidi haikuwa na mwajiri. Mzee Anyona alikuwa amewagawia wanawe wawili, Zachariah na mdogo wake Obadiah, ardhi inayoteremka kutoka barabarani hadi bondeni. Mpaka ulitoka kwenye mti wa omotembe ulio juu kando ya barabara, ukanyooka hadi omotembe mwingine uliokuwa ukingoni mwa kinamasi. Sote tunajua kwamba omotembe haukatwi ovyo wala hauwashwi jikoni, ndiyo maana wazee waliukabidhi mipaka. Machi 1985 Mama Esnah alichukua kamba ya katani ya mita ishirini, akaufuata mstari huo kutoka juu hadi kwenye jiwe la kuchotea maji, pale Ensoko. Kila kamba ilipokwisha alisimama akaandika kila kilichokuwa hapo: mimea, ndege, wadudu, watu, vitu na kazi. Aliweka ahadi ya kurudia kila baada ya miaka kumi, na akaitimiza mara nne.

Alipoulizwa anatafuta nini, alisema, "Sijui. Nikijua nitaacha."

Kitabu cha 1985 kinasema kwamba kwenye kamba ya tatu kulikuwa na wanawake kumi na tisa wa egesangio, wakipalilia wimbi la mmoja wao kwa zamu, wakiimba. Bondeni kulikuwa na mafunjo, korongo wawili wenye taji na vyura wa sauti nne. Mwaka 1995 wimbi limekwisha, chai imefika kamba ya sita, na wanawake wanaopalilia pamoja ni sita. Korongo ni mmoja, sauti za vyura ni mbili. Mwaka 2005 kuna nyasi za ng'ombe mahali pa mafunjo, na kila mwanamke analima peke yake. Mwaka 2015 kwarara, ndege ambao hawakuwapo kabisa mwanzoni, wameandikwa kumi na wawili, na kwenye kamba ya kwanza kuna pikipiki tatu za boda boda na chupa za plastiki thelathini na nane. Wale wanawake wa egesangio wameonekana tena, ila sasa ni kikundi chenye mahema na viti vya mazishi, na wengi wao ni mabinti wa wale wa kwanza.

Mama Esnah hakuwa mtu wa kusema kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Vijana walipomletea maneno hayo aliwafungulia kitabu cha 1985 na kuwaonyesha makaburi madogo manne kwenye mstari huo huo. Mwaka 2015 hakupata kaburi dogo jipya hata moja. "Kijiji hiki si kile," alisema. "Kinamasi hiki pia si kile. Vyote vinahama vikiwa vimekaa. Andika kwanza, halafu ndipo ufurahi au ulie."

Jambo moja lilimsumbua. Mwaka 1985 mtungi wa lita ishirini ulijaa Ensoko akihesabu hadi arobaini. Mwaka 1995 alihesabu hadi tisini, mwaka 2005 hadi mia na sabini, mwaka 2015 hadi mia nne. Januari 2025 aliuacha mtungi, akaenda kuchuma kikapu cha chai, akarudi akaukuta haujafika nusu. Kila mtu sokoni alisema mvua imepungua. Mama Esnah aliketi na vitabu vyake vya mvua siku nne, akajumlisha miaka yote. Mvua haikuwa imepungua. Kilichoongezeka ni mikaratusi thelathini na mitatu iliyosimama na mizizi yake ndani ya kinamasi, na walioipanda ni watu wa nyumba yake.

Omotembe wa chini ulianguka wakati wa mvua kubwa ya Aprili 1991. Mwaka uliofuata Baba Zachariah alipanda safu ya mikaratusi ili mpaka usipotee, na Mama Esnah ndiye aliyembebea miche. Baba Zachariah alipofariki tarehe 2 Agosti 2009, safu hiyo ikawa mpaka unaoaminiwa na pande zote mbili, na chanzo cha mbao pia. Mama Esnah alipoanza kusema ikatwe, hakupata wa kumuunga mkono. Mzee Obadiah alihofia kwamba miti ikiondoka, nyumba ya kakake itasogea. Jasper alihofia kwamba baba mdogo ndiye atakayesogea. Hivyo watu wawili ambao hawakuaminiana walikubaliana jambo moja, na Ensoko ikaendelea kukauka.

Ndipo alipoona, akilinganisha vitabu, jambo ambalo lilikuwa mkononi mwake miaka thelathini. Kitabu cha 1985: "Kutoka omotembe wa chini hadi jiwe la kuchotea maji, mita kumi na nne." Kitabu cha 1995: "Kutoka mkaratusi wa kwanza hadi jiwe la kuchotea maji, mita nane." Jiwe liko upande wa Mzee Obadiah. Safu ilikuwa imeingia mita sita katika shamba lake, na hakuna aliyejua ila yeye.

Angeweza kufunga kitabu. Ardhi ya hapa tunaijua, na mita sita kutoka bondeni hadi karibu na barabara ni chakula cha ng'ombe wa mwaka mzima. Aliyekuwa akipoteza ni mwanawe.

Jumapili tarehe 9 Februari 2025 aliwaita wazee wa ukoo Ensoko. Mzee Obadiah alifika akicheka.

"Mama Jasper, leo umetuita tuhesabu vyura?"

"Ningependa, Shemeji, lakini wamekwisha. Hakuna hata wa kukucheka."

Wazee walicheka. Mzee Obadiah hakucheka sana.

"Hiyo miti ni mpaka," alisema. "Ikitoka, kesho Jasper atalima hadi mlangoni kwangu, aniombe na kiti."

"Miti hiyo si mpaka," Mama Esnah alisema, na akawasomea vitabu viwili, tarehe na mita. Kisha akafungua kamba, mbele yao wote, wakapima. Mita nane.

Mzee mmoja aliuliza kama si jiwe ndilo lililosogea.

"Baba, jiwe hilo lilikuwako kabla ya nyumba ya kwanza ya Anyona. Jiwe halitembei."

Mzee Obadiah alimtazama. "Kwa hiyo kakangu aliniibia?"

"Hakukuibia. Kisiki kilikuwa kimezama matopeni, na yeye alipanda mahali mguu ulipokubali kusimama. Mimi nilishika miche. Kama ni kosa, ni langu pia, kwa sababu kamba ilikuwa nyumbani na sikuileta."

Jasper alimvuta kando. "Mama, hizo ni mita sita. Unajua mita sita hapa ni nini?"

"Najua. Nimezipima mimi."

Jasper, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, hakuingia nyumbani kwa mamake Sabato mbili. Kitabu cha mvua kinasema: "Februari 15. Mvua 0. Jasper hakuja." Halafu: "Februari 22. Mvua 3.1. Jasper hakuja." Hakuna neno lingine la lawama mahali popote.

Jumapili tarehe 23 Februari alikwenda, akaomba kitabu cha 1985. Alitaka kupata kosa ndani yake. Alikisoma chote, ameketi kizingitini. Kwenye kamba ya nne alikuta maandishi haya: "Mita saba. Kaburi la Mose wetu. Majani yameota." Akafungua cha 1995 akatafuta mahali pale pale. "Kamba ya nne, mita saba. Chai." Mwandiko ulikuwa ule ule, ulionyooka, bila kutetemeka. Jasper hakujua hadi siku hiyo mdogo wake alilala wapi. Aliona pia kwamba mtu aliyeweza kuandika mstari ule bila kuubadilisha hangeweza kubadilisha mita sita kwa ajili ya mtu yeyote.

"Mama," alisema, "msumeno wa nani tunaazima?"

Mikaratusi ilikatwa kati ya tarehe 24 Februari na 14 Machi. Mzee Obadiah alikubali kwa sharti moja, kwamba mpaka urudi kwa omotembe kama baba yao alivyouacha. Kwa desturi yetu mwanamke hapandi mti wa mpaka. Mama Esnah hakubishana na desturi hiyo. Alisimama kwenye jiwe, akashika mwanzo wa kamba, akawaambia shemeji yake na mwanawe waende hadi mita ya kumi na nne wachimbe. Ndiyo siku tuliyoanza nayo.

Mwezi Juni alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari mjini Kisii waligundua moyo wake ulikuwa umechoka, wakamtibu kwa uangalifu, nasi tunawashukuru. Alipima mvua mwenyewe hadi tarehe 30 Agosti. Baada ya hapo Jasper alipima, na kila siku alimkuta ameketi kitandani akimngoja.

"Ngapi?"

"Nne nukta mbili, Mama."

"Uliinama?"

"Niliinama."

"Magoti yako yaonyeshe."

Tarehe 9 Oktoba jioni alimwomba Phanice afungue dirisha la upande wa bonde na anyamaze. Baada ya muda mrefu aliomba kalamu. Ndiyo mara ya mwisho mwandiko wake kuonekana: "Chura, sauti moja. Si mmoja wa wale wanne. Huyu ni mgeni. Ametoka wapi?" Siku hizo mtungi ulijaa Ensoko ukihesabu hadi mia tatu na kumi. Hatutaongeza chumvi: maji hayajarudi kama ya mwaka 1985, na mafunjo yaliyoota ni machache. Yeye mwenyewe alisema hakuna anayejua kitakachokaa pale, na kwamba hilo ndilo lililomfanya atamani miaka kumi mingine.

Alilala Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake, mabinti wake wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Saa tatu siku hiyo Jasper alikwenda shuleni. Mvua ilikuwa milimita 9.4.

Ameacha watoto watatu, Jasper, Phanice na Cynthia, wajukuu wanane, dada yake Jacinta Nyanchoka wa Kenyenya, shemeji yake Mzee Obadiah Anyona na nyumba yake yote, wanafunzi wa chekechea wa miaka yake thelathini na saba ya kazi, ambao wengine wako hapa na wajukuu wao, na vitabu arobaini na saba, ambavyo Jasper atavitunza na ambavyo yeyote anaweza kuja kuvisoma. Ametanguliwa na mumewe Zachariah na mwanawe Mose, wa kamba ya nne, mita saba.

Bwana amtunze katika usingizi wake hadi asubuhi ile kuu ya ufufuo.

Na kwa kuwa Mama Esnah hakupenda habari ikatwe kabla ya kusema kesho yake kulikuwaje, tumalizie na Jumatatu, tarehe 24 Machi 2025.

Saa tatu asubuhi alipiga magoti katika uwanja wa shule, akasoma milimita 6.2. Alipita nyumbani kuchukua kamba na kitabu kipya. Alimkuta Mzee Obadiah tayari yuko bondeni, akiuzunguka omotembe mpya kama anayeogopa umehama usiku. Walipima pamoja hadi kwenye jiwe. Mita kumi na nne. Kisha walipanda polepole hadi kwenye omotembe wa juu, barabarani, kuanza hesabu ya tano, ambayo ilikuwa imechelewa wiki tatu. Mzee Obadiah, ambaye kwa miaka arobaini aliicheka kamba hiyo, alishika ncha yake akateremka nayo hadi ilipokaza.

"Sasa unaandika nini?" aliuliza. "Mimi sioni kitu hapa."

"Inama, Shemeji."

Mzee Obadiah aliweka mkono gotini, akainama. Mama Esnah akaandika: mchwa, njia moja, wanaelekea upande wa Zachariah, manyoya mawili ya kwarara, mboga ya saga imeota, haikupandwa na mtu, kifuniko cha soda.

"Na mimi, unaniandika?"

"Kila aliye kwenye mstari ninamwandika. Nimekuweka kabla ya mchwa."

Mzee Obadiah alicheka hadi akaketi chini. Mama Esnah alimngoja apumue, akafunga kalamu ndani ya kitabu, akavuta kamba, wakaenda ya pili.